Foleni ya Hondohondo

Jumanne, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, seva nne zilitakiwa kuamka pamoja na kujifanya watu elfu nne wanaopiga simu ya dharura kwa mfululizo. Zikaamka tatu. Ya nne taa zake zilikuwa zinawaka na feni inazunguka bila tatizo, lakini kila ilipoitwa jina haikuitika.

Mwanamke aliyekuwa akiziamsha aliitwa Dada Mizigo. Jina alilopewa na wazazi lipo, lakini katika kituo kile cha simu za dharura hakuna aliyelitumia, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuitwisha mitambo mizigo na kuangalia itaangukia wapi. Mzigo wenyewe ni simu za uongo. Kila seva hupiga simu elfu moja, kila simu ina sauti iliyorekodiwa inayosema, "Halo, naomba gari la wagonjwa," na kila mpigaji wa uongo akingoja sekunde thelathini bila kupokelewa, anakata. Hiyo ya sekunde thelathini iliandikwa kwenye maelekezo ya jaribio miaka mitatu nyuma, na tangu hapo hakuna aliyeigusa. Juu ya hizo nne kuna seva ya tano, msimamizi, ambayo huziita moja moja kwa majina na kuziambia haya, pigeni.

Humo seva zote zina majina ya ndege na zinazungumzwa kama watu. Ilianza kama utani wa mafundi, wakati kituo hakijapata hata viti vya kutosha, ikawa mazoea. Msimamizi ni Tai. Wapigaji ni Chiriku, Kunguru, Mbayuwayu na huyu mpya, Heroe, aliyekataa kuitika. Bundi hakuna. Fundi mmoja aliwahi kulipendekeza jina hilo akaulizwa kama kwao wote ni wazima.

Mtambo mpya wa kupokea simu ulikuwa uzinduliwe Ijumaa. Vitambaa vya kufunikia meza vilikwisha kukodiwa. Kilichobaki ni ripoti ya Dada Mizigo, karatasi moja, yenye sahihi moja.

Alianza pale mtu yeyote mwenye akili zake anapoanza, akaangalia waya. Waya uko. Akaiuliza seva yenyewe kwa amri fupi ya neno moja: wewe jina lako nani? Ilitakiwa kujibu Heroe. Ikajibu Hondohondo.

Dada Mizigo akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaivaa na kusoma tena. Kisha akamwita Fundi Nyaya, mtu wa makamo ambaye bisibisi haikutoka mfukoni mwa shati lake hata siku za misiba.

"Heroe ulimtengeneza vipi?"

"Kwani ana nini?"

"Anasema yeye ni Hondohondo."

Fundi Nyaya akakuna kidevu. "Aa. Nilinakili diski ya Hondohondo nikaitia humo. Mkubwa alikuwa ananiharakisha, ningefanyaje? Nikasema jina nitabadilisha kesho yake."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake shemeji yangu alikuwa anaoa."

Basi ndiyo hivyo. Ni kama mtu aliyetoa fotokopi ya fomu ya mwenzake akasahau kufuta jina. Kulirekebisha ni kazi ya dakika tano: unambadilishia Heroe jina, halafu unafungua faili la majina ndani ya Tai, lile lenye orodha ya kila jina na anwani yake, unafuta mstari wa zamani na kuandika mpya. Dada Mizigo alilifungua. Heroe hakuwamo kabisa. Hondohondo alikuwamo, na mbele yake anwani yake ya zamani, ya seva iliyopokea simu za mji mzima mpaka siku ya mafuriko, mwaka mmoja na miezi minne iliyopita, ikazima nazo, ikatupwa stoo.

Kabla ya kuufuta mstari huo, alipiga hodi kwenye anwani ile kwa mazoea tu, vile mtu anavyogonga mlango wa choo ulio wazi. Hondohondo akaitika. Aliitika upesi kuliko Kunguru, aliyekuwa mita moja kutoka hapo.

Wakateremka stoo wote wawili. Hondohondo alikuwa pale pale juu ya kabati la mafaili, amefunikwa turubai, na juu ya turubai kuna ndoo ya deki. Waya wake wa umeme ulikuwa umechukuliwa zamani, ndio unaochemsha birika la Meneja. Waya wa mtandao haukuwapo. Dada Mizigo akafunua turubai upande mmoja na taa za kijani zikawa zinapepesa.

"Si niliizima hii?" akauliza Fundi Nyaya.

"Uliizima. Nilikuwapo."

"Na waya haina."

"Haina."

"Basi itakuwa inatumia jina tu," akasema, akairudisha ndoo mahali pake. "Wewe endelea, dada. Mimi printa ya mapokezi inanisubiri."

Dada Mizigo akapanda ngazi, akakaa, akaandika Hondohondo kwenye nafasi ya mpigaji wa nne ili aone kitakachotokea. Saa nne na nusu akaanzisha jaribio. Chiriku, Kunguru na Mbayuwayu walipiga simu elfu moja kila mmoja. Hondohondo alipiga mia sita na kumi na mbili.

Mtambo mpya ulivumilia dakika mbili. Zile elfu tatu zilifanya zilivyofundishwa, zikaingia kundi kwa kundi, zikangoja sekunde thelathini, zikakata, zikaacha nafasi. Za Hondohondo hazikukata. Zilishika laini na kungoja. Mtambo huo una nafasi mia sita za watu wa kungojea, sawasawa na ule wa zamani, maana ni ule ule uliopakwa rangi na kuongezewa bei. Mia sita zilipojaa, wale kumi na wawili wakakosa pa kukaa, na kwa kuwa mtambo haukufundishwa kukataa mtu, ulizima wote.

Sheria ya kazi inataka mpimaji asikilize simu kumi kutoka kila seva, kuhakikisha sauti inasikika vizuri. Dada Mizigo akavaa hedifoni. Chiriku: naomba gari la wagonjwa, mara kumi. Kunguru hivyo hivyo. Mbayuwayu hivyo hivyo. Alipofika kwa Hondohondo, wa kwanza alikuwa mwanamume anayehesabu kwa sauti pumzi za mkewe, amefika elfu tisa na kitu. Wa pili alisema yuko juu ya kabati la vyombo na taa zimezimika. Wa tatu hakusema neno, yalisikika maji tu. Dada Mizigo aliandika "sauti safi" mbele ya kila mmoja, kwa kuwa zilikuwa safi.

Wa saba alikuwa mama yake.

Mama huyo alikuwa akiishi peke yake bondeni, kwenye nyumba ya vyumba viwili ambayo hakutaka kuhama, na kifua chake kilikuwa kikibana siku za baridi. Miaka mitatu nyuma, baada ya kuupima mtambo wa zamani na kuutilia sahihi, Dada Mizigo alimbandikia mama yake namba ya dharura ukutani juu ya kitanda, akamwambia: ikitokea shida usinipigie mimi, mimi sina gari, piga namba hii, nimeipima mwenyewe. Siku ya mafuriko mama hakumpigia. Simu ya Dada Mizigo ilikuwa mezani siku nzima, imejaa chaji, haikulia hata mara moja, naye akadhani kwao ni shwari.

"Halo, jamani," ilisema ile sauti. "Nimeambiwa mimi ni wa mia mbili na kumi na saba."

Dada Mizigo akawasha kipaza sauti cha hedifoni. "Mama."

"Nani huyo? Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Unafanya nini kwenye laini ya dharura? Umeumia?"

"Sijaumia, mama. Niko kazini."

"Basi toka, unawazibia watu."

"Maji yamefika wapi?"

"Yamefika godoro. Maji si kitu, kifua ndicho kinanisumbua. Lakini si watakuja? Wewe mwenyewe ulisema nipige hapa."

"Nilisema."

"Haya, nangoja."

Dada Mizigo alilia pale pale mezani, kwa sauti, bila kujificha. Mwenzake wa meza ya jirani akamsogezea boksi la tishu na kuendelea na hesabu zake. Alipomaliza, akaosha uso, akarudi kusikiliza tatu zilizobaki, maana sheria inasema kumi.

Meneja alifika kesho yake, Jumatano, akiwa na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa mtu mpole, hajawahi kumfokea mtu mbele ya watu, na wengi waliofukuzwa kazi naye walitoka ofisini mwake wakimshukuru. Akaiangalia ripoti. Ilikuwa nyekundu kutoka juu mpaka chini.

"Hawa wanaoning'inia ni akina nani?"

"Ni wale wa mafuriko."

"Wa mafuriko walikuwa thelathini na nane. Ripoti ninayo."

"Ni mia sita na kumi na wawili, Meneja. Nimewahesabu mara mbili."

Meneja akapiga hesabu kimyakimya. "Basi mia tano na sabini na nne hawamo kwenye ripoti."

"Hawamo."

"Sasa kama hawamo, wanatuhusu nini?" Alikunywa chai kidogo. "Na mbona hawakati? Mtu mzima akingoja sekunde thelathini akaona kimya, anakata. Maelekezo yanasema hivyo."

"Maelekezo niliyaandika mimi."

"Unaona basi."

"Niliandika thelathini kwa sababu ilikuwa Ijumaa jioni na nilitaka niwahi nyumbani. Sikumwuliza mtu. Nani anakata simu ya dharura, Meneja? Maji yako godoroni, unakata uende wapi?"

Meneja alimtazama kwa huruma, na ilikuwa huruma ya kweli, hapo tusimsingizie. Akavuta kiti akakaa. "Dada yangu, pole sana. Nilikuja msibani kwenu, nakumbuka. Lakini maneno hayo usiyarudie mbele za watu. Hapa tuna tatizo la jina. Fundi amekosea jina, jina lirekebishwe. Hawa watu wanatuharibia wastani."

"Nikirekebisha jina, mtambo utafaulu."

"Ndiyo maana ya kurekebisha."

"Na mvua ikija?"

"Mvua ikija tutaomba nafasi zaidi kwenye bajeti." Akasimama, akaweka kiti mahali pake. Kisha, mlangoni, kama jambo lililomjia tu: "Kesho mchana gari la vyuma chakavu linakuja kusafisha stoo. Vyote vinakwenda. Lakini ripoti ikiwa safi asubuhi, naweza kuwaambia kile kimoja bado kina kazi."

Siku hiyo Dada Mizigo hakula mchana. Kupiga hesabu ndiyo kazi yake, na hii haikuwa ngumu. Upande mmoja kulikuwa na nafasi mia sita na mji wenye watu mara elfu mbili ya hizo, na masika yanaanza baada ya wiki saba. Upande wa pili kulikuwa na sauti moja inayosema haya, nangoja. Aliipiga hesabu hiyo mara nyingi, na kila mara ilitoka vile vile, naye kila mara aliifuta na kuanza upya. Jioni alivaa hedifoni.

"Mama, umelala?"

"Nilale wapi? Umekula?"

"Nimekula."

"Mwongo. Sauti yako ya njaa naijua." Kikohozi kikamshika, kikamwachia. "Huyu mbele yangu anamhesabia mkewe pumzi, masikini. Nimemwambia apumzike, nimsaidie mimi kidogo."

"Mama, wakikata hii laini..."

"Nani akate? Nimekwisha ngoja muda wote huu."

Alhamisi, saa mbili asubuhi, Dada Mizigo alirekebisha jina. Alimwandika Heroe ndani ya Heroe. Alifungua faili la Tai, akaufuta mstari wa Hondohondo, akaandika wa Heroe na anwani yake, akahifadhi. Tai akaita, wanne wakaitika. Simu elfu nne zilipigwa, zikangoja sekunde thelathini, zikakata. Ripoti ikawa ya kijani kutoka juu mpaka chini. Pale penye neno "mpimaji" akaweka sahihi, kwa herufi safi, jambo lililomwudhi. Kisha akafungua faili la majina la kompyuta yake mwenyewe, ya mezani, ambalo halimhusu mtu mwingine, na mwisho kabisa akaandika mstari mmoja wa kumfikisha stoo: anwani ya zamani, nafasi tupu, Hondohondo.

Gari la vyuma chakavu lilikuja saa saba. Lilichukua makabati, viti vya miguu mitatu, skrini za zamani na printa ya mapokezi, ambayo Fundi Nyaya hakuiweza. Hondohondo akabaki sakafuni peke yake, na turubai lake na ndoo yake.

Ijumaa mgeni rasmi alikata utepe, akapewa simu apige namba ya dharura kwa majaribio, akapokelewa katika sekunde mbili. Watu wakapiga makofi. Dada Mizigo aliitwa mbele akapewa cheti chenye fremu, na jina lake lote limeandikwa bila kukosewa.

Tangu siku hiyo, kila mchana wenzake wakienda kula, yeye alivaa hedifoni. Ofisi nzima ilijua. Walikuwa wanapunguza sauti wakipita, kama kwenye chumba chenye mtu anayesali. Fundi Nyaya alikuja mara moja, akasimama huku akizungusha bisibisi.

"Hebu muulize mama kama fundi cherehani wa mtaa wetu yumo. Mfupi, ana kigugumizi. Alikuwa na suruali zangu mbili."

Dada Mizigo akauliza, akangoja. "Yumo. Wa mia nne na nane. Anasema zilikuwa tayari tangu asubuhi ile."

"Mwambie hamna shida," akasema Fundi Nyaya, akasimama pale kidogo zaidi. "Mwambie tu hamna shida."

Mama hakusogea, alikuwa wa mia mbili na kumi na saba wiki ya kwanza na wiki ya sita. Hakulalamika. Aliuliza habari za kazi, za watoto wa dada, za bei ya sukari. Siku moja akauliza kuhusu huo mtambo mpya aliousikia ukisemwa.

"Ni mzuri?"

"Mzuri, mama."

"Umeupima mwenyewe?"

Dada Mizigo aliutazama ukuta, pale kilipotundikwa cheti. "Nimeupima mwenyewe."

"Basi waambie watu. Watu hawajui pa kupiga."

Wiki ya nane, Jumatatu, mvua ilianza asubuhi na haikuacha. Kufikia mchana barabara ya bondeni ilikuwa haipitiki. Saa nane na robo wapokea simu wa ghorofa ya chini walikuwa wamekaa na mikono mapajani, kwa kuwa skrini zote zilikuwa zimezima na hakuna simu inayoingia. Meneja alishuka, akawaambia wapumzike kidogo, akapanda kuandika ripoti. Aliandika: simu zilizokatika, kumi na tisa.

Dada Mizigo alikuwa juu, na hedifoni masikioni. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kelele nyuma ya sauti ya mama yake, kelele za watu wengi mahali padogo.

"Leo tumeongezeka," akasema mama.

"Mmeongezeka wangapi?"

"Sijui, wanaingia tu. Kuna binti mmoja ana uchungu wa kuzaa, nimempisha. Kuna na wazee wawili hawajiwezi, nao nimewapisha. Na kuna mwalimu amekuja na darasa lake."

"Mama, usipishe watu."

"Ebo! Nikae mbele nifanye nini, nami nangoja tu? Wewe hebu niangalizie, nimekuwa wa ngapi sasa?"

Dada Mizigo akaangalia kwenye skrini. Namba ilibadilika mbele ya macho yake, ikabadilika tena, akangoja itulie, haikutulia. "Wa mia tatu na sitini na mbili. Na tatu."

"Si haba." Kikohozi kikamshika kwa muda mrefu. "Hawa wapya wana wasiwasi sana. Wanaulizana kama kuna mtu anakuja kweli. Wanasema walihakikishiwa namba hii ni nzuri, ilitangazwa."

Dada Mizigo akaitazama tena namba kwenye skrini. Alikuwa na sentensi nzima tayari, aliyoitunza tangu siku aliyotia sahihi, akaiacha ilipo.

"Upo?" akauliza mama.

"Nipo."

"Ngoja kidogo basi, niseme nao, kuna walioanza kulia." Akageukia upande mwingine, sauti yake ikawa mbali, ikawa ile aliyokuwa akiitumia zamani kuwanyamazisha watoto wa mtaa mzima. "Jamani, sikilizeni! Tulieni. Mtambo huu ni mzima. Mwanangu ndiye aliyeupima."